Miwani ya Jaani

Mwenye haja ya miwani huenda kwa daktari wa macho. Na mwenye mfuko mwepesi hupekua mitumba, akitumaini kuokota fremu ya kale iliyosahauliwa na mwenyewe. Cyrus Kabiru, msanii aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, alishika njia ya tatu. Alikulia Korogocho, ng'ambo ya mto, mkabala na jaa kuu la Dandora. Na katika takataka ndimo alimopata miwani isiyouzwa na fundi yeyote. Amesimulia mwenyewe kwamba utotoni aliitamani miwani, baba yake akamkatalia, akamwambia kuwa akiitaka ajitengenezee.

Akajitengenezea kweli. Nyaya, vijiko, vifuniko vya chupa na vipande vya chuma hukunjwa na kuunganishwa, vikapanda juu ya paji la uso kama pembe au vikatanda mashavuni. Kazi hizo aliziita C-Stunners, na nyingine Macho Nne. Mwaka 2015 zilikuwamo katika maonyesho ya Making Africa, katika jumba la Vitra Design Museum nchini Ujerumani.

Je, ni sanaa njema? Nasema ni njema, ila si zote kwa kadiri moja. Zilizo bora ni zile ambazo kitu cha zamani hakikuficha asili yake: kijiko kingali kijiko, na papo hapo kimekuwa kope. Mtazamaji hucheka kwanza, kisha hunyamaza. Zilizo dhaifu ni zile zilizorundikiwa mapambo hata uso ukapotea; hizo zimekuwa vinyago, na vinyago tunavyo vingi. Tena yafaa mwanafunzi aangalie kwamba katika picha zake mashuhuri Kabiru huivaa miwani hiyo mwenyewe. Hilo si majivuno. Miwani iliyolazwa kabatini ni chuma tu; shingo, mabega na utulivu wa mvaaji ndivyo vinavyoitia uhai.

Lililonigusa zaidi ni lile jina, Macho Nne. Sisi tuliosoma katika shule za Eastlands twalijua kuwa ni tusi. Mimi mwenyewe ninaye mwanafunzi aliyekuwa akificha miwani yake ndani ya dawati na kunakili makosa kutoka ubaoni, kwa kuwa aliona ni heri kukosa hesabu kuliko kuchekwa. Msanii ameliokota neno hilo kama alivyookota vijiko, akalisugua, akalivaa mbele ya watu.

Niliwaonyesha darasa langu picha hizo. Wengi walishangilia. Yule kijana alizitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, na kioo chake kiko wapi?"

Aligusa mahali penye kidonda. Nyingi katika miwani hizi hazina kioo cha kumsaidia mtu kusoma. Mahali pa kioo pana wavu, au kifuniko kilichotobolewa. Wapenzi wa sanaa watanijibu kwamba miwani hii ni ya kutazamwa, si ya kutazamia, nami nakubali. Lakini jibu hilo ni jepesi mbele ya mtazamaji wa ng'ambo mwenye macho mazima, na ni zito kulitamka katika darasa la watoto arobaini ambamo wawili au watatu hawauoni ubao. Nililitamka hata hivyo. Kijana akafikiri kidogo, akafungua dawati, akaitoa yake na kuivaa, apate kuitazama picha vizuri.