Nani Alikuambia Uache Usukani?

Klipu mmeiona. Nadhani hakuna simu kati ya Gazi na Shimoni ambayo haikuipokea wiki ile, na wengi wenu mlinitumia mimi, kana kwamba sikuwamo chomboni. Ina dakika nne na sekunde kumi na moja. Naomba muirudie, ila safari hii msimtazame mzee, baba yetu. Kila mtu humtazama mzee kwa sababu ndiye mwenye samaki. Tazameni tezi. Sekunde ya 38 kaka yangu ameshika mpini wa injini. Sekunde ya 41 mpini hauna mtu.

Hapo samaki alikuwa ameshakwenda zake. Kelele, maji kurushwa, Baba kupandisha mkono na kuushusha, yote hayo ni tanzia tu.

Nianze na haki ya mtu. Maandalizi ya kaka yalikuwa safi: bamvua la Februari, maji yamejaa saa kumi alfajiri, tukatoka mlango wa mwamba saa kumi na moja maji yakianza kutoka na umande wa nchi kavu ukitusukuma mgongoni, chuchunge wabichi wameshonwa kwenye ndoana vizuri, kipande cha waya mbele ya mshipi kwa ajili ya meno ya nguru. Nimempongeza, na sasa tuendelee.

Baba ana miaka 79. Alikuwa hajatoka nje ya mwamba tangu atolewe mtoto wa jicho, na kabla ya kaskazi kuisha aliomba jambo moja: nguru mmoja kwa mshipi wa mkono. Hakutaka fimbo wala kile kiti cha kuzunguka wanachofungiwa wageni kule Shimoni kama watu wanaonyolewa. Babu alikuwa mwindaji wa Shimba, enzi ambazo palahala alikuwa mawindo na si mnyama wa kupigwa picha. Uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya nzima 1977, ukoo wetu ulikuwa umeshahamishia macho baharini. Kwa hiyo Baba anavua kama anayewinda. Haongei. Anasikiliza kwa kidole cha shahada, mshipi ukipita juu yake, na kidole hicho hakijapata mtoto wa jicho.

Chomboni tulikuwa wanne. Kaka kwenye injini ya farasi 15, Baba ubavu wa kulia akitazama nyuma, mimi omo na upo nikikumba maji, kwa sababu mashua ile inavuja na nimesema hivyo katika safu hii mara tatu. Wa nne ni mtoto wa kaka, na simu yake.

Sasa hali ya bahari, maana watetezi wa kaka wanaipita haraka. Pwani yetu hii ya kusini mkondo mkubwa hupanda kuelekea kaskazini mwaka mzima, kusi ivume au kaskazi ivume. Februari upepo unashuka kutoka kaskazini mashariki. Maji yanapanda, upepo unashuka, wakikutana mawimbi husimama wima, mafupi, yamekaribiana kama ngazi. Chombo kisicho na mtu wa kukishika katika bahari hiyo hakikai sekunde kumi. Upepo unachukua omo, mkondo unachukua tezi, na mashua inazunguka kama pia. Mtoto wa darasa la nne pale Mkunguni anajua hili. Kaka ana leseni.

Tulikuwa tukirambaza sambamba na mwamba, tunatoka Msambweni tukielekea usawa wa Chale, saa tatu na nusu hivi, maji yamekaribia kukauka. Nguru akapiga. Kwenye klipu hamsikii kitu, lakini mimi niliuona mgongo wa Baba ukinyooka. Akasema, “Huyu.” Neno moja. Akafungua vidole na mshipi ukaanza kwenda.

Hapa ndipo vijana wa maoni walipoandika kwamba mzee “ameshindwa kumshika”. Nguru hashikwi, jamani! Mbio zake za kwanza ni ndefu na zimenyooka, na nyama ya mdomo wake ni laini. Ukimkazia katika mbio hizo, ndoana inachana njia na kutoka. Kazi ya mkono wakati huo ni kumpa, na kumpa kwa kipimo. Mshipi unapita juu ya kidole kilichofungwa kipande cha mpira wa tyubu, unakaza kidogo kidogo kama mtu anayefunga bomba la maji, na unasubiri ageuke. Akigeuka ndipo unakusanya. Baba alikuwa ametoa pima thelathini, labda thelathini na tano, mguu ameukaza kwenye taruma, mwili umetulia. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Kama ningekuwa mwamuzi ningempa pointi zote.

Na nahodha je? Samaki akipiga, nahodha ana kazi mbili. Apunguze moto wa injini, asiuzime. Kisha akigeuze chombo polepole mpaka samaki awe ubavuni, upande wa mvuvi, asiwe tezi kwenye propela. Basi. Hana kazi ya tatu. Akifanya hizo mbili, hata mzee wa miaka mia anaweza kumleta nguru, kwa sababu nusu ya uzito wa samaki hubebwa na anayeshika usukani. Ngalawa za zamani zilifanya hivyo kwa tanga: aliyeko nyuma analegeza damani kidogo, chombo kinapumua, mvuvi anapumua. Nimewaona wazee wa Funzi wakileta nguru wa kilo ishirini na zaidi kwa namna hiyo, watu wawili, bila neno kati yao, na hakuna aliyesimama. Angalieni tena: hakuna aliyesimama.

Kaka alisimama. Aliona mshipi unakimbia, akamwona baba yake mwembamba, kitu kikamshika moyoni. Akauachia mpini injini ikiwa kwenye gia. Akaruka ubao wa kati. Sekunde ya 44 ameinama juu ya bega la Baba, na mkono wake, wenye glavu, umeufumbata mshipi.

Glavu! Nimeandika juu ya glavu mpaka mhariri ananikatia aya. Mkono wenye glavu ni mkono kiziwi. Haujui kama samaki anakwenda au anageuka. Unajua tu kwamba kuna kitu kinavutwa, na jibu lake ni kuvuta. Huyu nguru, kwa jinsi Baba anavyoeleza, ndiyo kwanza alikuwa anageuka. Mshipi ungelegea wenyewe baada ya pumzi mbili. Badala yake ukakazwa ghafla, kisha mashua, ambayo sasa haikuwa na mwenyewe, ikaanza mzunguko wake. Mpini wa injini ukiachwa na gia hujipinda wenyewe upande mmoja. Mliona povu linavyochora upinde sekunde ya 47. Mshipi uliokuwa ubavuni ukapita chini ya mkuku. Sekunde ya 52 propela ikaula. Injini ikakohoa na kuzima. Yule mtoto, Mungu amsamehe, akasema “Aah!” na kuendelea kurekodi.

Makosa mawili, basi, lakini mzizi ni mmoja. Watu wanabishana juu ya mkono wa kaka: je, angepaswa kumpokonya mzee mshipi au la? Hilo ni swali la adabu, na kila nyumba ina jibu lake. Mimi ninazungumzia ufundi. Hata kama mkono wake ungekuwa mwepesi kuliko wa Baba, na hauko, angekuwa amekosea, kwa sababu ulitoka kwenye usukani.

Kaka amejitetea. Tulikaa barazani baada ya isha, akaniuliza, “Ungekuwa wewe ungemwacha avutwe baharini?” Nikamwambia mshipi haukufungwa popote, na nguru hamwondoi mtu aliyekaa amekaza mguu, akimzidi, unaachia vidole, umekosa samaki tu. Hatari ya kweli ni kitanzi mguuni, mikunjo ya mshipi iliyoko sakafuni ikimnasa mtu kifundo. Hiyo ingelindwa na kijana wa miaka kumi na sita mwenye macho mazima, aliyekaa hatua moja kutoka kwenye mikunjo hiyo. Nahodha angemwambia tu aweke simu chini.

Ndipo akanitolea Shimoni. Kila mtu wa kusini akibanwa juu ya wazee na uvuvi hukimbilia Shimoni, kwa yule Mmarekani. Mnaijua habari. Tarehe 23 Januari 1954 ndege aliyopanda Ernest Hemingway iligonga waya karibu na maporomoko ya Murchison kule Uganda, ikaanguka. Kesho yake, pale Butiaba kando ya Ziwa Albert, ndege ya pili ikashika moto ikijaribu kupaa, naye akatoka kwa kuusukuma mlango kwa kichwa. Magazeti ya dunia yakamzika. Mtu mwenye fuvu lililopasuka, pingili ya mgongo iliyopondeka, figo na ini vilivyoumia, wiki chache baadaye akaja Shimoni, kwenye kambi ya uvuvi iliyokuwa imepangwa. Mwanawe Patrick, aliyekuwa akiishi Tanganyika, alifika kambini. Ukazuka moto wa nyika karibu, mzee akaenda kusaidia kuuzima, akaanguka ndani yake. Akaungua miguu, tumbo, kifua, midomo, mikono. Mwaka huo huo akapewa Tuzo ya Nobel na hakuweza kwenda Stockholm kuipokea.

“Unaona?” akasema kaka. “Hakuna aliyemshika.”

Naona, lakini naona kingine. Swali la kama mzee anaweza huamuliwa nchi kavu, kabla ya nanga kung'olewa. Kosa la Shimoni lilifanywa mapema, siku ambapo mtu aliyevunjika vile alikubaliwa kuendelea na safari badala ya kulazwa kitandani. Moto ulipowaka, uamuzi ulikuwa umeshapita. Na alikuwa na miaka 54! Mwili ndio uliokuwa wa themanini. Baba yetu ana miaka 79 na mgongo mzima. Kaka mwenyewe ndiye aliyesema anaweza, akamshika mkono kumpandisha chomboni. Ukishasema anaweza, umempa mshipi. Humpi mpaka samaki apige kisha ukamnyang'anya.

Na nikamkumbusha jambo ambalo wanaolitaja jina la Hemingway pale Shimoni huwa hawalitaji. Miaka miwili kabla ya moto ule alikuwa ametoa kitabu cha mzee aliye peke yake na mshipi wa mkono na samaki mkubwa. Yule mzee anamtamani sana kijana wake aliyebaki nchi kavu. Anamtaka afanye nini? Hamtaki aje kuvuta. Kazi mojawapo anayomhitajia ni kulowesha mikunjo ya mshipi usiunguze. Mwandishi yule na mimi hatukubaliani mengi, hasa juu ya kuua simba, lakini mgawanyo wa kazi chomboni aliujua.

Kaka akanyamaza. Kisha akasema nimezidi.

Yaliyofuata baharini si ya kuandikia aya nyingi. Kaskazi inasukuma kuelekea mwambani, nanga pale haifiki chini, na mshipi umejisokota kwenye propela kama nywele. Baba ndiye aliyesema, “Makasia.” Makasia ambayo alfajiri kaka aliyaita mizigo, na ambayo mimi na Baba tuliyapakia yeye akiwa ameenda kuchukua petroli. Tukapiga mimi na kijana, omo ikaelekezwa nje, kaka akainua injini na kukata kwa kisu. Robo saa. Tulisikia mwamba unavyonguruma nyuma yetu, na hilo pia halimo kwenye klipu, kwa sababu hatimaye simu ilikuwa imewekwa chini.

Tulirudi saa saba mchana na maji ya kujaa, na kolekole wawili wadogo. Pale Mkunguni mtu mmoja akamuuliza Baba yuko wapi huyo nguru. Baba akamjibu yuko Chale, anakula chuchunge wetu.

Kaka ametangaza kwamba bamvua lijalo tutatoka tena. Baba amekubali kwa masharti mawili, na ameyasema mbele ya watu wote wa nyumba ili yasije yakageuzwa. Simu ibaki kwa mama. Na atakayeshika usukani ni yule kijana, kwa kuwa ndiye pekee ambaye, katika dakika nne na sekunde kumi na moja, hakutoka mahali pake.