Fundi wa Sauti

Kinganga hakipigwi kikiwa baridi. Mpigaji anayejua kazi yake huwasha majani makavu kando ya uwanja, huuelekeza uso wake kwenye mwali wa moto, hugonga ngozi kwa ncha ya kidole, husikiliza, hukisogeza tena. Haridhiki na mlio wa kwanza. Anaufuata mpaka unapoishia. Ngozi ikikaza kupita kiasi anaanza upya, na wachezaji watamsubiri. Ndipo anapochomeka mguu wa ngoma mchangani na kushika fimbo zake mbili nyembamba. Hapa Newala wazee wa kazi hiyo wanazidi kupungua, nami niliyewatazama tangu utotoni nimezidi kuamini kwamba ufundi wao uko masikioni kuliko mikononi.

Imani hiyo ndiyo iliyonifanya niipende kazi ya Joseph Kamaru, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1997, anayejulikana ulimwenguni kwa jina la KMRU. Jina amelirithi kwa babu yake, Joseph Kamaru, yule bingwa wa nyimbo za Kikuyu aliyefariki mwaka 2018. Babu alisifika kwa maneno: mafumbo, siasa, mapenzi, mawaidha. Mjukuu, aliyesoma muziki Chuo Kikuu cha Kenyatta kisha akaenda Berlin kusomea sanaa ya sauti, ameyaweka maneno kando. Chombo chake ni kinasa sauti na kompyuta. Hunasa yanayolia mahali alipo, kisha huketi nayo, akayavuta, akayapunguza, akayalaza juu ya mengine. Anayetaka ngoma ya kuchezea hataipata katika albamu ya Peel (2020), ile iliyomtambulisha kwa wengi. Sauti moja hushika, nyingine ikaunganishwa nayo, kama mkeka unavyoshonwa ukili kwa ukili, na asiye na haraka ndiye anayeuona upana wake. Katika Natur (2024) amenasa hata mivumo ya vyombo vya umeme ambayo sikio tupu haliipati.

Wapo watakaosema huo si muziki. Nawaelewa, lakini wangeketi na bibi yangu wakisikiliza kinu.

Bibi aliishi Masasi, chini ya majabali ya Mtandi. Alasiri wanawake wawili, mara nyingine watatu, walizunguka kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake, na michi haikugongana. Mmoja alikuwa akiuachia mchi hewani, anapiga kofi, anaudaka. Mwingine, kabla hajatwanga, aliugusisha kidogo kwenye mdomo wa kinu, ko!, na ule mlio mdogo ulikwenda hadi kwenye jabali ukarudi katikati ya mapigo yao. Walikuwa wakiupangia nafasi yake. Bibi akiwa amekaa barazani alijua ni nyumba ya nani inayotwanga na inatwanga nini, maana mhogo mkavu una mlio wake na mtama una wake. Alijua pia kama waliokuwa kinuni wamegombana. Hakuna aliyemwita msanii, wala yeye hakungoja kuitwa. Leo nafaka inakwenda mashineni, na sikatai, migongo ya wanawake imepumzika. Lakini sikio lile halikurithiwa na mtu, na hilo hatukulisikitikia hata siku moja.

Kazi ya Kamaru mjukuu inayonigusa kuliko zote ni Temporary Stored, ya mwaka 2022. Aliitengeneza kutokana na rekodi zilizomo katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati, Tervuren, Ubelgiji: nyimbo na milio iliyonaswa Afrika enzi za ukoloni, ikabebwa, ikawekwa kwenye rafu. Hakuziremba. Anaziacha zipite ndani ya mivumo yake, zinatokea, zinazama, na unasikia umbali uliopo kati ya mwimbaji na mahali alikofungiwa. Miaka miwili baadaye aliwakaribisha wasanii wengine waendeleze kazi hiyo.

Sisi wa huku kusini mwa Tanzania tunayo sababu ya kuisikiliza kwa makini zaidi. Mwaka 1906, vita vya Majimaji vikiwa havijapoa, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi na kupanda hadi Newala akiwa na kamera ya sinema na fonografu. Watu waliimba mbele ya pembe ya mashine, nta ikachorwa. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1908 ameonyesha ulimba, zeze, marimba ya mgoromondo ambayo mbao zake zimelazwa juu ya nyasi, hata simu ya kuchezea ya watoto yenye uzi mrefu katikati. Kila nikiitazama ile simu nawaza kwamba watoto wa huku walikuwa wakiyafanyia sauti majaribio kabla ya kufundishwa na yeyote. Silinda zake za nta zilikwenda Ujerumani, ambako Berlin ilikwisha kuwa na hifadhi ya rekodi za namna hiyo tangu 1900; mwaka 1999 UNESCO iliiingiza hifadhi hiyo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Dunia imekumbuka, sisi tumesahau. Siku hizi jando likitoka kijijini, kinachoonekana kwanza ni rundo la spika na jenereta. Vijana wanacheza kwa furaha na siwalaumu; wanachezea walichopewa. Nawalaumu watu wazima tunaokodi spika hizo wakati mpiga kinganga yuko nyumba ya tatu, hajaalikwa. Namlaumu kila mwenye shule ambamo mtoto anamaliza miaka yake yote bila kuambiwa mgoromondo ulikuwa nini.

Zilizosalimika kati ya nyimbo alizonasa Weule zirudi, japo kwa nakala, ziwekwe Masasi na Newala mahali ambapo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzisikiliza bila kuomba viza. Atakayetaka kuzichezesha upya kwa kompyuta yake, kama alivyofanya Kamaru na zile za Tervuren, aachwe azichezeshe. Lakini zirudi upesi, maana kila mwaka wanapungua wanaoweza kuusikia wimbo wa wakati ule na kutuambia huu ni wa Wayao, huu wa Wamakua, huu wa Wamakonde, na ulikuwa ukiimbwa mwali wa unyago akiwa amefika hatua gani.