Tairi Husomwa Ubavuni

Kwenye maduka ya matairi pale Ukunda, mnunuzi huuliza bei kwanza, kisha kama mali ni ya Japani au ya China. Si maswali mabaya. Lakini sifa za tairi zimechapwa ubavuni mwake, na anayejua kuzisoma hahitaji kumsikiliza sana muuzaji.

Anza na umri. Tafuta herufi DOT, ufuate mpaka tarakimu nne za mwisho: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Mara nyingi tarehe hii huwa upande mmoja tu, kwa hiyo ukiambiwa haipo, ligeuze tairi. Kwetu pwani hili ni jambo zito. Tairi lililopangwa nje ya duka, jua likilipiga kutwa, huzeeka kabla ya kukanyaga lami, na vinyweleo vyake vya kiwandani bado vimesimama. Likandamize bega ulikunje kidogo. Mpira ukifunguka vijiufa vyembamba, achana nalo hata upunguziwe bei nusu.

Matairi mengi ya gari dogo yana alama tatu za Marekani. TREADWEAR ni nambari ya kudumu: 100 ndicho kipimo, na lenye 400 linatarajiwa kudumu mara nne yake katika jaribio lao. Wanunuzi wengi huikimbilia hii, nami naona wanakosea. Kiwanda hujipangia chenyewe nambari hiyo, na mpira mgumu unaokawia kulika mara nyingi haung'ang'anii lami yenye maji. TRACTION, kuanzia AA hadi C, hueleza jinsi tairi linavyofunga breki kwenye maji. TEMPERATURE, A hadi C, jinsi linavyostahimili joto la mwendo. Kwa gari linaloshinda kati ya Likoni na Lunga Lunga, katika joto la Januari na mvua za Mei, herufi hizo mbili ndizo za kutazamwa kwanza. Nitachukua 300 yenye A mbili, niiache 600 yenye B mbili.

Matatu ni habari nyingine. Tairi la kubeba mzigo kwa kawaida halina alama hizo. Lina maandishi kama 195R15C 106/104R. Nambari 106 ni kilo 950 kwa tairi moja. Tairi la saluni lenye 91 hubeba kilo 615. Ukilifunga kwenye HiAce iliyojaa abiria na magunia ya nazi, ipande kutoka Kombani hadi Kwale mjini, ubavu unajikunja kila mzunguko, unachemka, na tairi linapasuka.

Hatari kubwa iko kwenye mtumba, maana kuna mafundi wanaochukua tairi kipara na kulichonga mifereji upya kwa kisu cha moto, kisha wakalipaka rangi nyeusi likang'aa. Macho hudanganyika, vidole havidanganyiki. Tafuta begani kijipembe kidogo au herufi TWI. Kutoka hapo ingiza kidole kwenye mfereji ulionyooka nacho: lazima ukute kituta kidogo cha mpira kinachovuka mfereji, kimo chake milimita 1.6. Tairi likilika mpaka usawa wa kituta hicho, limekwisha kazi. Na kama kituta hakipo, au kimekatwa katikati, basi kisu kimepita hapo, na mpira uliobaki juu ya nyuzi ni mwembamba kuliko unavyofikiri. Kokoto za matumbawe kwenye njia za ndani za Diani hazitachelewa kuufikia.

Usilipie kabla hujalitazama ndani. Kiraka cha katikati, palipokanyaga msumari, kinavumilika. Kiraka cha ubavuni hakikubaliki. Ukipitisha kiganja ndani ya ubavu kikatoka na unga mweusi wa mpira, au ukaona mstari uliosuguliwa kuuzunguka, tairi hilo liliwahi kuendeshwa bila upepo. Nyuzi zake zimeshachoka, nalo halifai kufungwa hata kwenye gurudumu la akiba.