Kibuyu cha Kusahau

Noeli iliyopita vijana wa parokia yetu hapa Mwanza waliacha mchezo wa pango na wachungaji tuliouzoea, wakaigiza hadithi waliyoitunga wenyewe. Wazee kadhaa walinung'unika. Mimi, kwa kuwa nilifundisha Kiswahili miaka mingi, niliombwa nitoe neno baada ya mchezo. Nikatoa pongezi tu, maana ilikuwa sikukuu na pilau lilikuwa linapoa. Neno lenyewe ndilo hili.

Hadithi inatokea katika ufalme ulio chini ya ziwa. Watu wake hupumua maji, hufuga kambare wanaobweka, na wamepigana na jirani zao miaka saba. Amani inatangazwa, askari wanaambiwa warudi makwao. Wawili kati yao walipendana vitani: kijana wa mkuki, na binti aliyekuwa akipiga ngoma ya kuita jeshi. Wanapewa kiwanja na shamba la magugumaji (hapo ukumbi mzima ulicheka, sisi tunayang'oa, wao wanayapalilia) na wanaambiwa waoane. Lakini hawawezi. Kijana kila aingiapo mahali huhesabu milango. Binti akisikia ngoma ya harusi, mikono inamtetemeka. Wakikaa kupumzika huegemeana migongo, kila mmoja akilinda upande wake, kama walivyozoea lindoni.

Onyesho hilo la migongo ndilo lililonishika. Kwa kitambo kirefu hakuna aliyesema neno jukwaani, na watoto waliokuwa wakipiga kelele mbele walinyamaza wenyewe.

Halafu anatokea bibi kizee na kibuyu cha maji ya kilindini. Wanakunywa, wanasahau vita vyote, ngoma inapigwa, kwaya inaingia, mwisho.

Sigombani na kambare. Waliosema kwamba mambo ya kubuni hayafai ukumbi wa kanisa wamsome tena punda wa Balaamu. Nagombana na kibuyu. Wawili hawa walijuana vitani. Mapenzi yao hayana siku hata moja nje ya vita. Anayewafutia miaka saba anawafutia na mwenzi. Waliocheza harusi mwishoni ni watu wawili wasiojuana, nasi tukawapigia vigelegele.

Baba yangu mdogo alikwenda vitani na mgambo. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tutampiga. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Hayo watoto wanayajua shuleni, pamoja na nyimbo zake. Baba mdogo alirudi 1981. Tulimpokea kwa vifijo, ingawa sukari ya chai ilitafutwa mtaa mzima, kwa kuwa nchi ilikuwa imekauka. Usiku ule alikataa kitanda. Alilala sakafuni, kichwa karibu na mlango, na hivyo ndivyo alivyolala kwa muda mrefu. Majirani walisema amelogwa. Wengine walimwambia mama mdogo kwamba mumewe ameacha moyo kwa mwanamke wa Uganda. Yeye hakujibu. Baada ya wiki chache aliuhamisha mkeka wake, akautandika pale pale mlangoni.

Nilipokuja kusoma Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 11, nikamkuta Uria Mhiti, nilimtambua. Daudi anamwita kutoka vitani, anamwambia aende kwake akapumzike. Uria analala mlangoni pa nyumba ya mfalme. Anasema wenzake wako mahemani, yeye atakulaje, atakunywaje na kulala na mkewe? Siku ya pili Daudi anamlewesha ili asahau. Ndugu msomaji, angalia nani katika Maandiko anayemnywesha askari ili asahau, na kwa nia gani. Hata hivyo Uria hakwenda kwake. Wahubiri wetu hukimbilia dhambi ya Daudi na Bathsheba, na mlango ule wanaupita.

Hata sheria ya Musa ilijua kwamba mtu harudi vitani kwa kuvuka kizingiti tu. Katika Hesabu sura ya 31 aliyeua hukaa nje ya kambi siku saba. Naye Bwana wetu aliyefufuka, ambaye angeweza kurudi na mwili usio na alama, alimwonyesha Tomaso mikono na ubavu. Tomaso alimjua kwa majeraha.

Vijana watasema hadithi ya mapenzi lazima iishe vizuri. Nakubali. Kuna mwalimu wao kwenye kisiwa cha jirani. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Mkatoliki mwenzetu, aliandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Kwa Kiswahili zilitoka 1980, na yeye akafariki 1981. Myombekere si askari. Ni mume aliyenyang'anywa mke na wakwe kwa sababu hawajapata mtoto. Anakwenda kumtaka, anatozwa pombe ya ndizi, na Kitereza anatupitisha katika kazi yote hiyo bila haraka. Dawa ya mganga nayo imo, na watoto wanapatikana. Lakini hakuna ukurasa ambapo mume na mke wanasahau walikuwa nani kabla ya dawa. Kitabu ni kirefu, nakiri, na nimewahi kusinzia juu yake; ila nikifika mwisho naamini ile furaha.

Mama mdogo nilikuwa nimekaa naye siku ile ya mchezo. Kwenye onyesho la migongo alivuta kanga, akajifunika mdomo. Kibuyu kilipoletwa aliniinamia na kuniuliza, si kwa sauti ya chini sana: "Sasa mwanangu, akishasahau atamjuaje mwenzake?" Binti aliyeuandika mchezo alikuwa kiti cha mbele yetu. Aligeuka.

Nasikia Pasaka wanataka kupanda meli wakaucheze Nansio. Kabla ya hapo namwomba binti yule apite kwa mama mdogo. Anapatikana kila siku mchana, akianika dagaa, na hapendi kuulizwa mambo ya vita; lakini ukimuuliza habari za ule mkeka, atakaa chini na kukueleza.