Kahawa Isiyo na Buni

Jioni moja pale Nyamisangura, mjini Tarime, nilipewa bakuli la pombe ya busaa. Nikapiga funda moja, nikaliweka chini, nikalitazama tena. Chini ya ule uchachu wa kawaida palikuwa na ladha ya kahawa, na nyuma ya kahawa ladha ya sukari iliyoanza kuungua. Nikamuuliza mama aliyeipika ametia kahawa kiasi gani.

"Hakuna kahawa humo, mwanangu. Kesho nakaanga. Njoo asubuhi uone."

Nilipofika, baridi ya milimani ilikuwa haijaondoka uani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea kigoda na kurudi kwenye moto wake. Juu ya mafiga makubwa palilala bati nene lililopasuliwa kutoka pipa la mafuta, kingo zake zimekunjwa juu kidogo ili kitu kisimwagike. Pembeni palikuwa na mwiko wa mbao wenye mpini mrefu kama wa jembe, beseni lililofunikwa kwa majani ya mgomba na rundo la kuni zilizopangwa kwa unene: nyembamba huku, nene kule.

Kukaanga si mwanzo wa kazi. Wiki iliyotangulia alikuwa ameloweka wimbi usiku kucha, akalichuja, akalifunga kwenye gunia lililolowana na kuliweka mahali penye giza. Siku ya pili punje hutoa mizizi myeupe, myembamba kuliko uzi. Siku ya tatu mizizi hushikana hata wimbi lote huinuka kwa pamoja kama kipande cha mkeka. Hapo hulitawanya juani, likikauka hulifikicha kwa viganja na kulisaga. Hicho ndicho kimea. Alinipa punje chache nitafune. Wimbi la kawaida halina ladha ya kutajika, lakini zile zilikuwa tamu. Mbegu ikiota hutengeneza vimeng'enya vya kuigeuza wanga yake kuwa sukari, ili mche upate chakula. Mpika pombe huikausha mbegu katikati ya safari hiyo na kuutunza uwezo huo kwa kazi yake.

Katika beseni mlikuwa na unga wa mahindi uliokandwa kwa maji ukawa donge gumu, kisha ukafunikwa siku tatu. Alipofunua majani, harufu kali ya uchachu ilipanda. Alimega kipande kidogo, akakiweka kwenye ncha ya ulimi, akanyamaza, akatema. "Limeiva." Baadaye nilihesabu: tangu moto ulipowashwa hadi pombe ilipochujwa, nilimwona akionja mara kumi na moja, na kila mara alisubiri kidogo kabla ya kusema neno.

Akaanza kumwaga donge juu ya bati, akilivunjavunja kwa vidole. Mvuke ulipanda mweupe na mzito, una harufu ya uji uliolala. Kwa muda mrefu hakuna lililobadilika isipokuwa mvuke huo, na mtu asiye na subira angeongeza kuni. Yeye aliuacha moto ulivyo. Mwiko wake ulikuwa na njia moja: unaingia chini ya unga upande wa kushoto, unasukuma hadi katikati, unapindua, unarudi. Alipofika mwisho wa bati alianza tena mwanzo, na hakuna pembe aliyoiruka. Mabonge makubwa aliyaponda kwa mgongo wa mwiko, kwa sababu bonge kubwa huungua nje na kubaki bichi ndani.

Kisha mvuke ukapungua na sauti ikabadilika. Unga uliokuwa ukiburutika kimya kama udongo mbichi ukaanza kuchakacha kama kokoto ndogo. Aliisikia kabla yangu. Aliinama akazivuta kuni zote nene nje ya mafiga, akabakisha makaa peke yake.

"Moto wa kuni ni wa kukausha," alisema. "Rangi inaletwa na makaa."

Harufu iliyofuata ilikuwa ya mkate unaotoka tanurini. Punje zilikuwa na rangi ya ganda la karanga. Hapo akapakua sehemu kubwa, kama robo tatu, akaitandaza juu ya turubai. Nilidhani tumemaliza. Lakini ile robo iliyobaki aliisogeza katikati ya bati, na sasa mwiko ukaenda mbio zaidi. Kutoka rangi ya karanga ikaingia rangi ya sukari guru, na harufu ikawa hiyohiyo ya sukari guru inayochemka. Mama aliinamisha uso hadi karibu na bati, akavuta pumzi kwa pua. Aliniambia kuwa alikulia nyumba yenye mibuni. Milima ya Tarime inalimwa arabika, na akiwa mtoto kazi yake ilikuwa kukaanga buni ya nyumbani. Pua aliyoifundisha kwenye buni ndiyo anayoitumia kwenye mahindi. Ghafla akasema "basi", akabinua bati zima kwa vitambaa viwili, na unga ukamwagika kwenye turubai ukiwa na rangi ya kahawa kamili. Nilichukua punje moja. Iliungua kidogo, chungu kidogo, na baada ya uchungu ukaja utamu. Kijiko kimoja kilichosalia kwenye kona ya bati kilipitiliza kwa muda wa kuvuta pumzi mbili au tatu. Alinionjesha nacho makusudi. Kilikuwa mkaa mtupu.

Jambo hili lina ndugu zake mbali. Bia nyeusi za stauti, ambazo Guinness ndiyo inayofahamika zaidi kwetu, hupata ladha ya kahawa kwa njia hiyohiyo: shayiri iliyokaangwa hadi kukaribia weusi. Mwaka 1817 huko London, Daniel Wheeler alipata hataza ya pipa la chuma linalozunguka juu ya moto, la kukaangia kimea kiwe cheusi bila kuteketea. Mpaka leo watengenezaji wa stauti hutia sehemu ndogo tu ya nafaka nyeusi, na iliyobaki huwa ya rangi nyepesi. Siku hizi wapo wanaotengeneza stauti tamu za kunywewa kama kitindamlo, wakaongeza kahawa halisi, karameli, pengine na sukari ya maziwa, ambayo hamira ya bia haiwezi kuila, hivyo utamu hubaki kwenye chupa. Sizidharau. Ila nimekaa mbele ya bati moja Nyamisangura na nimeona ladha ya kahawa na ya karameli zikitolewa kwenye mahindi matupu, na kipimo ni pua na mkono.

Unga ulipoa hadi mchana. Mama hakuuharakisha. Aliupima kwa mgongo wa kiganja, kwa kuwa kimea kikikutana na joto kali nguvu zake hufa, na pombe haitachemka. Ulipopoa sawasawa akaumimina kwenye pipa la maji, mwepesi na mweusi pamoja, akanyunyiza kimea huku akikoroga, akafunika. Moto ulikuwa umeshaivisha wanga ya mahindi. Sasa kimea kiliigeuza sukari, na chachu iliyokuja na kimea hicho ikaanza kuila.

Kesho yake povu lilikuwa limepanda na kupasuka katikati. Siku ya pili aliweka sikio karibu na pipa, akasikiliza, akaonja. "Bado tamu sana." Siku ya tatu asubuhi akaonja tena, akaita binti yake alete mfuko wa kuchujia. Walishika huku na huku, wakaukamua polepole, machicha yakabaki ndani na pombe ikashuka kwenye ndoo, nzito, rangi ya udongo wa mtoni. Angeiacha hadi jioni, utamu wote ungeliwa ukabaki uchachu peke yake.

Bakuli la kwanza alinipa mimi. Ubaridi ulikuwa wa pipa lililolala kivulini. Kwanza nilikutana na uchachu, mwepesi, ukasafisha ulimi. Kisha sukari guru ikajitokeza pande zote mbili za mdomo. Kahawa ilichelewa. Ilikuja nilipokwisha kumeza, nyuma kabisa kooni, ikakaa.

Ukifika Nyamisangura, usianzie kwenye bakuli. Ulizia ni lini mama anakaanga, uende asubuhi na mapema, uketi upande usio na moshi.