Bwawa la Itare na Hesabu za Maji

Mtu aliyepata kusoma habari za bwawa la Itare, ambalo ujenzi wake ulianza 2017 katika nyanda za Kuresoi ilipo Keringet, kisha ukakwama mwaka uliofuata, aghalabu alikutana na tarakimu mbili zilizowekwa bega kwa bega kana kwamba ni za jinsi moja: kwamba bwawa lingehifadhi mita za ujazo milioni 27, na kwamba kila siku zingetolewa mita za ujazo 100,000 kwa ajili ya Nakuru na miji jirani. Ya kwanza ni akiba, ya pili ni matumizi, na baina yao umesimama wakati, ambao ndio asili ya mushkili wote.

Ukigawa akiba kwa matumizi wapata siku 270. Yaani bwawa lililojaa pomoni, mto usipoliongeza hata tone, lingekauka kabla ya mwaka kutimia, na hapo tumelifanyia ukarimu, kwani hatukutoa maji yafukizwayo na jua wala yale ya chini yasiyofikiwa na mlango wa kutolea. Swali zito basi ni mto wenyewe huleta kiasi gani wakati wa kiangazi, nao mto hupimwa kwa sekunde: zile mita 100,000, zikigawanywa kwa sekunde 86,400 za siku, hazizidi mita ya ujazo moja na sudusi hivi.

Zama za Waingereza wangesema kyuseki 41, yaani futi za ujazo kwa sekunde, na akiba wangeihesabu kwa futi-eka, maji ya kufunika eka moja kwa kimo cha futi moja. Nayaonea ghera maarifa hayo, maana kyuseki moja ikitiririka usiku na mchana huleta takriban futi-eka mbili, na mwenye mfereji alikadiria kichwani bila karatasi.

Ama kuupima mto, mpimaji huvuta kamba toka ng'ambo hadi ng'ambo, akaugawa upana vipande vipande, na katika kila kipande akapima kina, kisha akazamisha chombo chenye panga linalozungushwa na mkondo, hadi sehemu sita katika kumi za kina kutoka juu, ambako mwendo wa maji hukaribia wastani wa safu nzima. Akazidisha upana kwa kina kwa mwendo, akajumlisha. Akiisha kuirudia kazi hiyo mto ukiwa umepwa na ukiwa umefura, huchora mstari unaooanisha kimo na wingi, na tangu hapo husomwa ubao wa ukingoni tu. Walakini mafuriko yakichimba kitako cha mto, mstari huwa batili, ingawa ubao haukusogea.

Mto Itare huishia Ziwa Victoria kwa njia ya Sondu, na huko Jinja, maji ya ziwa yatokeako, palipofunguliwa bwawa la Owen Falls mwaka 1954, ulikubaliwa mstari kama huo uamue maji yatakayoachiwa kwa kadiri ya kimo cha ziwa. Mwaka 2004 na 2005 yaliachiwa zaidi ya ulivyoamua, ukame nao ukazidisha, na ziwa likashuka.