S.L.P. haina mlango

Nilijifunza kuandika anwani kabla sijajua kuna watu wanaoletewa barua mlangoni. Darasani, barua rasmi ilianzia juu, kulia: jina la shule, S.L.P., Karurumo. Ukisahau nukta, alama imeenda. Sote tuliandika sanduku lilelile la shule, manake nyumbani hakukuwa na lingine.

Ukiisoma vile tunavyosoma hadithi, hiyo anwani ni msimulizi wa kutiliwa shaka. Inajifanya inasema unakaa wapi. Msimbo wa posta wa Kenya una tarakimu tano, Embu 60100, Runyenjes 60103, Meru 60200, na kila mmoja unataja posta. Kijiji chako haukijui. Unaiambia barua ikungoje kaunta gani tu, halafu kutoka hapo ni wewe na mwenye ufunguo wa sanduku.

Huyo mwenye ufunguo hakuwekwa na mtu yeyote. Mfumo wa kupanga barua ulimzaa bila kukusudia: mwalimu, padri, mwenye duka, mtu ambaye habari za kijiji kizima lazima zipitie kwake. Barua yangu ya basari ilikaa wiki tatu kwenye droo ya mtu kama huyo. Hakuwa na roho mbaya, alikuwa tu anangoja kuniona kanisani. Nilipoifungua, tarehe ya kurudisha fomu ilikuwa imepita. Chuo nilikivumilia muhula mwingine mmoja, nikarudi nyumbani.

Marekani kilio chao ni kingine. ZIP code ilianza 1963 ili barua zipangwe haraka. Miaka ya sabini kampuni ya Claritas ikazitumia kugawa watu kwa mapato na wanachopenda kununua, na 1990 namba moja ikawa jina la kipindi cha runinga, Beverly Hills, 90210. Hata ambaye hajawahi kuiona California alielewa: hapo kuna pesa. Kule namba inakujua kupita kiasi.

Yetu haitujui, na bado intaneti inaiitisha, na kinyota chekundu kando. Nani hajawahi kujaza 00100? Kwa hesabu ya seva za ng'ambo, Wakenya tumebanana tukilala Posta kuu ya Nairobi.

Tanzania wao walitoa msimbo kwa kila kata, na 2022 serikali ikasukuma anwani za makazi: nguzo za majina ya mitaa, namba milangoni. Naona wivu. Naogopa pia kidogo, kwa sababu mlango wenye namba unapatikana na barua na unapatikana na mdai.

Juzi niliagiza kitabu. Fomu ilikataa "Karurumo" mara mbili, ikakubali 00100. Mtu wa boda alipiga simu: "Uko wapi?" Nikamwambia nyuma ya posho mill, geti la mabati, ulizia kwa mama wa nduma. Alifika kabla chai haijapoa.